Kujiandaa kusomea nusu kaputi Marekani: wodi ya mahututi kwanza, fomu baadaye

Ndugu yangu muuguzi uliyeko Marekani, ukitaka kuwa CRNA, muuguzi anayewapa wagonjwa nusu kaputi, anza maandalizi miaka miwili kabla ya kujaza fomu ya kuomba shule. Mimi nilifika huku na stashahada ya Kenya. Leo kila alfajiri niko chumba cha upasuaji.

Hatua ya 1: Vyeti. Leseni ya RN (muuguzi aliyesajiliwa) iwe hai, na shahada ya kwanza uwe nayo. Mwenye stashahada ajiendeleze kwanza. Transkripti za nyumbani agiza mapema mno: chuo changu kilichukua miezi mitano kutuma bahasha moja, na dirisha la maombi likafungwa. Mwaka uliofuata nilimtuma dada yangu akakae ofisini kwao mpaka itoke.

Hatua ya 2: Masomo. Kemia, takwimu, anatomia na fiziolojia. Shule nyingi hutaka wastani wa alama usiopungua 3.0 kati ya 4.0, na baadhi hazipokei alama za sayansi za zamani. Kama ulisoma biokemia kitambo, irudie.

Hatua ya 3: Wodi ya mahututi. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Tunazoea nyumba za wazee kwa sababu ya ovataimu, ila saa zile hazihesabiwi. Kinachotakiwa ni angalau mwaka mzima wa kazi ya muda wote kwenye wodi ya mahututi, na wanaochaguliwa mara nyingi wana zaidi. Tafuta wodi yenye wagonjwa wa mashine za kupumulia na dripu za kupandisha presha.

Nilikuwa na kijidaftari mfukoni. Usiku mmoja niliandika: sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi), wastani wa presha 58, nimeongeza noradrenalini kidogo kidogo mpaka 65, mkojo umeanza kutoka. Chini yake nikaandika kwa nini 65, na dawa ile inabana mishipa kwa njia gani. Kwenye usaili niliulizwa hilohilo. Hawakuniuliza miaka mingapi. Waliuliza mkono wangu ulifanya nini na kwa sababu gani.

Hatua ya 4: Mtihani wa CCRN, cheti cha muuguzi wa mahututi. Njia ya kawaida inadai saa 1,750 za kuhudumia mahututi ndani ya miaka miwili, 875 kati yake ziwe za mwaka wa karibuni. Weka hesabu yako mwenyewe.

Hatua ya 5: Mfuate CRNA kazini siku kadhaa, kisha omba barua za mapendekezo. Msimamizi aliyekuona ukihangaikia mgonjwa ataandika vizuri kuliko mkubwa asiyekufahamu.

Hatua ya 6: Pesa. Tangu 2022 wanaoanza wote husomea shahada ya uzamivu, miezi isiyopungua 36, na kufanya kazi kipindi hicho ni vigumu mno. Weka akiba. Na wazazi nyumbani waambie mapema, kwa upole, kwamba karo za wadogo zako zitapungua kwa muda. Mimi nilimwambia mama mwaka mzima kabla, akauza ng'ombe mmoja wa maziwa ili kitinda mimba asikatize shule.