Kusimamia mradi Lamu wakati mipango haikai

Mwongozo huu ni wako wewe uliyesomea usimamizi wa miradi, ukapewa kazi ya kukarabati nyumba Mji wa Kale, ukakuta ratiba ya miezi sita imevurugika wiki ya tatu. Cheti usikitupe. Hata PMI, taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa miradi, wamebadilika: toleo la 6 la mwongozo wao wa PMBOK, la 2017, lilijengwa juu ya taratibu 49, la 7, la 2021, likashika kanuni 12.

Hatua ya 1: Tenga kalenda na hatari. Upepo wa kusi utavuma, mvua za masika zitanyesha, Ramadhani itaingia. Hizo si hatari, zipangie mapema. Hatari ni lile usilolijua siku yake. Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji miti, na boriti za mikoko zikaguswa. Machi 2020 ndege za kimataifa zikasimama. Mwishoni mwa 2023 mafuriko ya Mto Tana yakakata barabara ya Garsen hadi Lamu.

Hatua ya 2: Andika daftari la hatari linalotoa amri. Wengi huandika "usafiri unaweza kuchelewa" wakafunga daftari. Hapo hujapanga kitu, umelalamika tu. Kila mstari uwe na dalili, la kufanya, na mwenye kuamua. Kwa mfano:

*Dalili:* saruji ya tangi la maji haijapakiwa Mombasa kufikia Jumatatu jioni.
*La kufanya:* nunua Mokowe mifuko ya kutosha sakafu ya tangi tu, ivushwe kwa mashua; mafundi waliobaki wakwangue plasta mbovu kuta za ndani.
*Mwenye kuamua:* msimamizi wa saiti, bila kunipigia.

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayookoa kazi. Simu yako ikizima, vibarua wasikae kivulini wakikusubiri huku siku yao inahesabiwa. Na kama plasta ya chokaa bado mbichi, usikubali haraka ya saruji iingie kwenye ukuta wa matumbawe ati kufidia muda. Unyevu utanasa ndani na ukuta utaharibika.

Hatua ya 3: Wiki mbili kwa undani, mbele kwa matokeo. Wiki hizi mbili andika nani, wapi, na punda wangapi wa kubeba mchanga kutoka gatini. Zaidi ya hapo andika tu "paa limefungwa kabla ya masika".

Hatua ya 4: Pesa. Lipa kwa kazi iliyokwisha, na akiba ya dharura iwe na mstari wake kwenye bajeti. Ukiificha ndani ya bei ya boriti, mwenye nyumba ataikata bila kujua.

Hatua ya 5: Mazungumzo mafupi, mabadiliko kwa maandishi. Kila asubuhi keti na mafundi barazani kabla ya kazi: jana kimekwisha nini, leo kinaanza nini, nini kinakwamisha. Mwenye nyumba aliye mbali mtumie picha na voisi kila Ijumaa. Akitaka chumba cha ziada juu, usimjibu "inshallah, tutaona". Inshallah ni yetu sote, lakini haimwambii gharama. Mwandikie hivi: "Chumba kinawezekana. Kitahitaji idhini mpya, boriti zaidi, na ngazi itasogea hadi baada ya masika. Au tumalize ngazi kwanza, chumba kiwe awamu ya pili. Nijibu kabla ya Jumatano, fundi wa boriti anaagiza Alhamisi."