Mradi ukiisha usiache mkono ulale (mafundi welding wa Dar)

Wazawa wengi tuliopita saiti za SGR, Bwawa la Nyerere na bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga, mkataba ukiisha tunarudi zetu Mbagala au Gongo la Mboto tunaanza kupiga mageti na grili. Hela ya kula inapatikana, ila mkono wa 6G (kuchomelea bomba lililoinama bila kuligeuza) unaondoka taratibu. Na cheti nacho kina muda wake, viwango vya welding vya Kimarekani, ASME na AWS, vinasema welda akipitisha miezi 6 hajatumia mchakato (aina ya welding) aliofanyia tesiti cheti kinakufa, inabidi apimwe upya. Inauma sana kuona fundi mzuri anaachwa getini kisa hiyo tu.

Kupiga mageti hakukusaidii hapo jamani. Geti unachomelea tyubu nyembamba limelala chini, 6G bomba limeinama nyuzi 45 na haligeuki, mkono ndo unalizunguka.

Sasa fanya hivi, ulizia vipande vya bomba kwa wauza chuma chakavu au kwa mafundi wa Gerezani, wanauza kwa kilo. Kata viwili, chonga midomo kwa grenda nyuzi 30 hivi kila upande, acha gepu kama milimita 3, piga taki nne (vidoa vya weldi vya kushikilia) afu funga kwenye stendi nyuzi 45 na ukishafunga usiligeuze tena. Ruti (weldi ya kwanza ya ndani) piga fimbo ya 6010, juu yake 7018. Hiyo 7018 uwe nayo makini, inanyonya unyevu na hewa ya Dar unaijua, pakiti ikikaa wazi fimbo zinaleta vitundu na nyufa, utajilaumu mkono kumbe ni fimbo. Nunua chache, tumia zikiwa kavu.

Ikipoa kata vipande vyembamba kukatisha weldi, sawazisha juu na chini kwa grenda, bana kwenye vaisi upige nyundo mpaka vikunjwe, kimoja uso uwe nje kingine ruti iwe nje. Ruti ikifunguka ujue moto haukupenya, rudia hapohapo usisubiri foremani ndo akuonyeshe.

Weka daftari: tarehe, mchakato, fimbo, posisheni, na mwenye karakana asaini. Mkandarasi mpya mara nyingi atakupa tesiti tu, lakini daftari linaonyesha hujalala. Jioni pitia alama za welding kwenye michoro, hizo zinasahaulika haraka kuliko mkono.

Na kwa aliyejifunzia saiti bila karatasi yoyote, VETA wana urasimishaji ujuzi, wanakupima kwa unachokijua tayari bila kurudi darasani miaka, nenda Chang'ombe ukaulize. Huduma za ajira za serikali pia jiandikishe, zile zilizokuwa zikijulikana kama TaESA.

Laini ya simu usibadilishe. Foremani akipata saiti mpya anapiga namba ileile aliyonayo, usipopatikana anampigia anaefata.