Ukisaini bumu, andika

Wadogo zangu wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, si zawadi. Kila unaposaini, andika kiasi nyuma ya daftari, na ada inayolipwa moja kwa moja chuoni uiandike pia (hiyo ndiyo wengi huisahau kwa sababu haipiti mkononi). Mimi nilianza mwaka wa tatu, nikajumlisha, nikakosa hamu ya chipsi za Ng'ong'ona.

Ukiajiriwa, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara wa 700,000, hiyo ni 105,000 kila mwezi, kabla hujalipa kodi ya chumba wala kutuma ya mama. Simu mpya isubiri. Siku ukidaiwa, linganisha daftari lako na taarifa yao.