Somo: kufungana kamba kwa mara ya kwanza (miaka 18 na kuendelea)

BDSM ni jina la jumla la michezo ya kufungana, kutawala na kutawaliwa, na maumivu ya kiasi yanayompa mtu raha, kati ya watu wazima walioridhiana. Leo nakaa zaidi kwenye kamba, maana wengi huanzia hapo, na hapo ndipo huumizana bila kujua.

Hatua ya 1. Zungumzeni mkiwa na nguo zenu, bila pombe. Kila mmoja aseme anachotaka na asichotaka kabisa. Asichotaka hakina mjadala. Kisha chagueni neno la kusimamisha. Wengi hutumia rangi za taa za barabarani: kijani endelea, njano punguza, nyekundu acha. Ikitamkwa nyekundu mnaacha papo hapo. Sababu mtaulizana baadaye.

Hatua ya 2. Weka mkasi wenye ncha butu karibu kabla hujashika kamba. Mimi niliwahi kuusahau, nikahangaika na fundo huku mwenzangu vidole vimeshaanza ganzi. Sitaki yawapate. Tumia kamba laini ya pamba, izungushe mara mbili tatu juu kidogo ya kifundo cha mkono, ilale bapa, na vidole viwili vipite chini yake. Fundo lisiwe la kujikaza likivutwa. Kila baada ya dakika chache mwambie abane vidole vyako. Akibana kwa ulegevu, au akisikia ganzi, fungua: huenda mshipa wa fahamu umebanwa, na ukiumia unaweza kuchukua wiki kadhaa au hata miezi kupona. Aliyefungwa haachwi peke yake.

Hatua ya 3. Makofi ni ya matakoni, penye nyama. Usipige kwenye figo wala uti wa mgongo.

Hatua ya 4. Mkimaliza: blanketi, maji, kukumbatiana. Huzuni huweza kumjia mtu hata kesho yake, kwa hiyo mjulie hali.

MASWALI YENU

Mdomo ukizibwa, neno atalisemaje?
Ashike funguo mkononi. Zikianguka, mmeacha.

Mume wangu anapenda kunikaba shingo. Ipo njia salama?
Hapana, dada. Shingo ikibanwa, mtu huzimia ndani ya sekunde chache, na anaweza kufa bila alama yoyote kuonekana nje. Mkatalie.

Nilikubali jana, leo sitaki. Nimekosea?
Hujakosea. Ridhaa huombwa upya kila mara, na hata katikati ya mchezo unaweza kuiondoa. Akilazimisha, huo ni ukatili, na unayo haki ya kutafuta msaada.