Jinsi ya Kupata Draiva ya Adapta ya Wi-Fi ya USB kwenye Linux

Anayetafuta draiva (programu inayouwezesha mfumo kutumia kifaa) kwa jina lililoandikwa kwenye boksi la adapta hupoteza muda, kwa kuwa Linux huitambua chipu iliyomo ndani na si jina la kibiashara. Mfano ni TP-Link TL-WN722N: toleo la kwanza lina chipu ya Atheros AR9271, inayoendeshwa na draiva ya ath9k_htc iliyomo tayari kwenye keneli (kiini cha Linux), ilhali toleo la pili lilikuja na chipu ya Realtek RTL8188EUS, na jina likabaki lile lile.

Kwa hiyo chomeka adapta, fungua terminali na uandike lsusb. Kwenye mstari wa kifaa chako utaona namba kama 0cf3:9271, ambapo sehemu ya kwanza ni ya mtengenezaji na ya pili ni ya kifaa chenyewe. Hiyo ndiyo ya kutafutia intanetini. Ukikuta 0bda:1a2b, usihangaike na draiva kwanza, maana adapta imejitambulisha kama diski yenye programu za Windows, na inahitaji programu ya usb_modeswitch ili igeuke kuwa kifaa cha mtandao.

Baada ya hapo soma matokeo ya amri ya sudo dmesg, yaani ujumbe wa keneli, hatua ambayo wengi huiruka ingawa ndiyo yenye majibu. Keneli ikilalamika kwamba imeshindwa kupakia faili la "firmware", draiva unayo tayari. Kinachokosekana ni programu dhibiti ya chipu, ambayo kwenye Debian hupatikana katika vifurushi kama firmware-realtek na firmware-atheros.

Ikiwa hakuna draiva yoyote iliyojitokeza, angalia toleo la keneli kwa uname -r. Chipu ya MT7612U ilianza kukubalika kwenye keneli 4.19, na RTL8822BU kwenye 6.2, hivyo mara nyingi dawa ni kupandisha keneli. Naipendelea sana njia hii kuliko kujenga draiva ya nje, yaani isiyokuwemo kwenye keneli, ambayo hulazimika kujengwa upya kila keneli inapobadilika. Ukikosa budi, itumie pamoja na DKMS, zana ya kujenga upya draiva, ili kazi hiyo ijifanye yenyewe, na kama Secure Boot (ulinzi unaokagua saini za programu kompyuta inapowaka) imewashwa, hakikisha moduli, yaani faili la draiva hiyo, imetiwa saini, la sivyo keneli inaweza kuikataa.

Kwenye OpenBSD, mfumo mwingine usio Linux, mambo ni mafupi zaidi: usbdevs huonyesha kifaa, kurasa za mwongozo za draiva za athn, run na urtwn hutaja chipu zinazokubalika, na fw_update huleta programu dhibiti.