Unataka kuandika riwaya ya sayansi ya kubuni? Anzia Kalenga

Maroboti weka pembeni kwanza, nenda makumbusho ya Kalenga pale Iringa uone fuvu la Mtwa (chifu) Mkwawa wa Wahehe lililorudishwa 1954 toka Ujerumani, alafu soma vita ya Lugalo, Agosti 1891, Wahehe walimuua Zelewski, kamanda wa Wajerumani, wakabeba bunduki kibao. Sasa badilisha kitu kimoja tu, kimoja! Mfano wahunzi wa Kalenga wanazifungua zile bunduki wanatengeneza zao, basi boma la Mkwawa pale Kalenga halianguki kwa Wajerumani 1894, twende mpaka 2190 nani anarusha setilaiti? Tarehe zingine usiguse, msomaji Mhehe atakudaka fasta. Wazee waulize ila linganisha na vitabu, Wajerumani nao waliandika kwa kujipendelea. Ukikwama kuna kimondo cha Mbozi, chuma zaidi ya tani 10, kitumie.