Kabla ya Kupanda Jukwaani: Maandalizi ya Mnyanyua Vyuma wa Ukumbi wa Jamii

Mchezaji wa pawalifti, mchezo wa kunyanyua uzito kwa aina tatu (kuchuchumaa na chuma mabegani, kukisukuma ukiwa umelala chali na kukiinua kutoka sakafuni), anayejifua katika ukumbi wa mazoezi wa jamii hukabiliwa na jambo ambalo nguvu peke yake hazilimalizi: mahali anapofanyia mazoezi hapafanani na jukwaa atakalopanda. Ukumbini kuna kioo, muziki na foleni ya watu wanaosubiri chuma kilekile. Jukwaani kuna waamuzi watatu, dakika moja ya kuanza kunyanyua tangu aitwe, na amri ambazo asipozisubiri jaribio hukataliwa hata kama uzito umepanda vizuri. Kwa hiyo asome mapema kanuni za shirikisho linalosimamia mashindano yake, kwa kuwa mashirikisho hutofautiana.

Lililo gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kuzoea amri. Katika kusukuma uzito ukiwa umelala chali, chuma hushushwa hadi kifuani, kikatulia, ndipo mwamuzi aamuru kisukumwe. Aliyezoea kukidundisha kifuani hugundua siku hiyo kwamba kilo alizojivunia hazikuwa zake. Mwenzake asimame karibu na kichwa chake, atamke amri kwa sauti, na abadilishe muda wa kusubiri, safari hii sekunde moja, safari nyingine mbili, ili masikio ndiyo yasikilize na mikono isijihesabie. Katika kuchuchumaa, akipe kioo kisogo na arekodiwe kwa simu iliyowekwa ubavuni, usawa wa nyonga, maana simu iliyo juu au chini hudanganya kuhusu kina alichochuchumaa.

Vifaa navyo vikaguliwe. Chuma cha mashindano chini ya kanuni za IPF, Shirikisho la Kimataifa la Pawalifti, kina kilo 20, na vibano viwili vinavyozuia sahani za uzito visitoke vina kilo 2.5 kila kimoja, hivyo kabla ya kuongeza chochote tayari ni kilo 25. Vyuma vya kumbi za jamii si lazima vilingane na hivyo; kila kimoja kipimwe kwenye mizani. Kumbi nyingi hukataza unga wa chaki na kubwaga uzito. Katazo la pili, ingawa hulalamikiwa, linamfaa, kwa sababu uzito ulioinuliwa kutoka sakafuni hushushwa kwa mikono miwili hadi chini, na anayeuachia hupoteza jaribio.

Uzito wa kuanzia haufai kuamuliwa kwa ushujaa. Kila aina ya mnyanyuo ina majaribio matatu, uzito uliokwisha kujaribiwa haupunguzwi katika jaribio linalofuata, na anayeshindwa yote matatu ya aina moja hukosa jumla ya kilo za aina zote tatu. Achague, basi, uzito anaoweza kuunyanyua mara tatu hata siku aliyochoka. Upimaji wa uzito wa mwili chini ya kanuni za IPF huanza saa mbili kabla ya kundi lake kuanza kushindana, muda mfupi mno kwa mtu aliyejikausha maji ili apunguze kilo kurudisha nguvu, kwa hiyo mgeni wa mashindano ashiriki katika kundi la uzito alionao.

Virutubisho vya kopo vinahitaji tahadhari, kwa kuwa chini ya kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, mwanamichezo huwajibika kwa kilichokutwa mwilini mwake, hata kama lebo haikukitaja.

Wiki ya mwisho apunguze wingi wa mazoezi, aombe msimamizi wa ukumbi saa tulivu ya jaribio moja kamili lenye amri zote, na alivae vazi lenyewe la mashindano pamoja na soksi ndefu zinazofunika miundi, ili kinachobana kijulikane kungali na siku za kukibadilisha.